Jokofu Lenye Kiu

Muuza mboga alikuwa akimwaga nyanya jalalani na kulilaani jua, na Injinia, aliyesimama kwenye kona ya soko na koti lake jeupe begani, aliona hapo riziki yake. Jokofu la mama yule lilikuwa limekufa. Fundi alikwisha sema halifufuki, akadai nauli yake na kuondoka.

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi, aliyeamini kwamba mwanawe alisomea mitambo na sasa anafanya kazi katika ofisi yenye zulia. Kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi mama yake jokofu. Tumpe haki yake tapeli wetu: aliwadanganya watu wa mji mzima akalala usingizi mnono, lakini ahadi hii moja ilimnyima usingizi. Safari hii akaapa kwamba pesa za muuza mboga zitamnunulia mama yake jokofu jipya la dukani, lenye mlango unaong'aa.

Akaingia kazini. Akaunda sanduku la mbao lenye kuta za wavu, tabaka mbili, na katikati akashindilia mkaa, ili pande la barafu atakaloficha chini lisiyeyuke kabla hajalipwa. Akalifunika kwa gunia. Mbele akapaka rangi ya fedha, rangi ikamwishia hapo hapo. Juu akakaza sumaku aliyoing'oa kwenye spika iliyokufa, maana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanatafuta njia ya kuachana na gesi na kupoza vitu kwa sumaku. Hakuelewa zaidi ya hapo, wala hakuona sababu ya kujisumbua.

Muuza mboga aliingiza mkono ndani ya sanduku, akautoa upesi kwa baridi.

"Na waya wa umeme uko wapi?"

"Waya ni mambo ya zamani, mama. Hii ni sumaku. Inavuta joto kama inavyovuta misumari."

Mama yule akatazama kushoto na kulia, jirani asije akasikia. Injinia akajua kazi imekwisha. Kumbe huyu hakutaka tu mboga zake zikae mbichi, alitaka za wenzake zioze. Alisema atanunua kwa sharti kwamba mwingine yeyote sokoni asiuziwe. Injinia akakubali kwa huzuni kubwa, kama mtu anayejinyima utajiri, na kwa sababu ya huzuni hiyo akapandisha bei.

Sasa ilibaki barafu. Ingeyeyuka siku ile ile, naye alihitaji muda wa kutokomea. Basi akambebesha mteja wake masharti ya kumshughulisha. Mwanzoni baridi itapungua, alisema, mtambo unazoea mazingira, usiwe na wasiwasi. Likae mlangoni penye upepo ili lipumue. Na kila asubuhi na jioni, kuta zote zimwagiwe maji mpaka mkaa ulowe chapachapa.

"Maji ya nini tena?"

"Sumaku husikia kiu."

Alilisema bila kupepesa macho. Alipofika mtaa wa mbali alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Pesa alizipeleka kwa mama yake, upande wa pili wa mji. Akamwomba amtunzie, ni za jokofu, akirudi kutoka safari ya kikazi watakwenda dukani pamoja. Safari yenyewe ilikuwa ya kujificha kwa binamu yake, akisubiri kelele za muuza mboga zije na zipite.

Kelele hazikuja. Siku aliporudi kwa mama yake, koti limefuliwa na kupigwa pasi, alikuta mlangoni, penye upepo, sanduku la gunia. Mbele lilipakwa rangi ya fedha. Juu lilikuwa na sumaku.

Alidhani muuza mboga amemfuata mpaka nyumbani, akaanza kulipima dirisha kwa macho.

Lakini mama yake alikuwa peke yake, na alikuwa akitabasamu. Akamsukuma alifungue. Ndani zilikuwamo mboga za majani, mbichi kama zilizochumwa sasa hivi, na chupa ya maji iliyopoa vizuri. Injinia akapapasa chini akitafuta barafu. Hakukuwa na kitu ila ubao.

Akabaki ameinama. Maji, mkaa, upepo. Maji yalikuwa yakikauka kwenye upepo na kuondoka na joto, kama jasho linavyompoza mtu. Kila alichokizua kumpumbaza mama wa watu kilikuwa kweli tupu, isipokuwa sumaku.

Mama yake akamweleza habari yote. Kuna muuza mboga amebuni kitu hiki kwa akili yake mwenyewe, sasa mboga ameziacha, ameweka maseremala uani na wateja wanapanga foleni.

Injinia akafungua kinywa aseme ni yeye. Akakifunga. Angesemaje bila kusema na mengine? Maisha yake yote alikuwa ametengeneza kitu kimoja cha kweli, na mtu pekee ambaye alitaka amwonee fahari alikuwa ameketi mbele yake. Iliuma kuliko alivyowahi kuumizwa na polisi.

"Na zile pesa, mama?"

"Si ulisema ni za jokofu? Nimenunua jokofu." Mama akalipigapiga sanduku kwa upendo. "Hata hazikutosha. Ila nilipomwambia mwanangu ni injinia mwenye koti jeupe, alicheka sana yule mama, akanisamehe zilizobaki. Akasema nikusalimie."

Injinia akalifunga sanduku.

"Miaka yote hii, mwanangu," mama yake akasema taratibu, "ungetengeneza hata kimoja kama hiki, ningefurahi." Kisha akampa jagi. "Haya, kabla hujakaa, limwagie maji. Wanasema sumaku husikia kiu."

Injinia akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari, akaenda kuchota maji.