Thuwaini na Fito Sita za Kiwandani

Sogeeni, enyi mlio na masikio, na ninyi mliokuja kwa ajili ya kahawa tu sogeeni pia, msikie habari nzito ya vita vilivyopiganwa juu ya mchanga wa Bidiya, mji wa jangwani, vita ambavyo ndani yake haikumwagika damu wala hata mafuta ya injini. Naam, mafuta hayakumwagika, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Maana jirani Ghusuna binti Hamad, ambaye ukuta wake umepakana na ukuta wa Thuwaini na sikio lake limepakana na kuta zote, adai mengine. Yeye asema injini ya Thuwaini ilipasuka kwa kishindo kilichowasimamisha ngamia waliolala, na kwamba kipande cha chuma kiliruka juu ya vichwa vya watu, kikavuka barabara, kikatoboa sufuria yake ya bokoboko. Sufuria imetoboka kweli. Imetoboka tangu harusi ya binti yake wa kwanza, na binti huyo sasa ana wajukuu.

Ukweli ni huu. Thuwaini bin Sinan, Simba wa Bidiya kwa hesabu yake mwenyewe, Mpasua Matuta, Mla Vumbi Asiyeshiba, alikuwa na gari kuukuu la silinda sita, na juu ya injini yake alikuwa amefunga turbo, lile pafu la chuma linaloshindilia hewa ndani, injini itake isitake. Nje gari liling'aa kama upanga. Lakini tumboni hakubadilisha kitu. Konrodi zilikuwa zilezile za kiwandani: fito sita za chuma, kila mmoja hauzidi shibiri, ambazo kazi yao ni kupokea teke la pistoni na kuligeuza kuwa mzunguko. Waliozifua walimfikiria mtu apelekaye watoto shule na kurudi na mkate. Hawakumfikiria Thuwaini. Nani angemfikiria?

Na gari hilohilo, enyi wasikilizaji, ndilo lililovuta tangi la maji kila wiki hadi ndani kabisa ya mchanga, kwa Bibi Wadha, mama wa baba yake, aliyekataa nyumba ya mjini kwa sababu haina mahali pa kuwaweka ngamia wake. Joto lilikuwa limekwisha kuingia. Gari jingine halikuwapo. Ufito mmoja ukikunjika, bibi na ngamia wataulamba mchanga. Hilo Thuwaini alilijua vyema, na kwa kuwa alilijua, alijitahidi sana kutolifikiria.

Siku ya mashindano ya kupanda kilima cha mchanga kwa magari, likaitishwa baraza la vita katika kivuli cha gereji ya fundi Gulzar, Mpathani mwenye ndevu za hina, mbele ya birika la kahawa na sahani ya tende. Alikuwapo Mabkhut, binamu yake Thuwaini, ambaye konrodi zake ni za kufuliwa upya, nene kama miguu ya kitanda, na ambaye hakuacha siku ipite bila kulitaja jambo hilo.

"Za kiwandani mwisho nguvu za farasi mia nne," akasema Mabkhut. "Ukizidisha hapo, binamu, umekalia bomu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wote wanajua."

"Mbona juzi watu wote walisema mia tano?"

"Hao watu wa Ibra. Watu wa Ibra utawasikiliza wewe?"

Gulzar akatoa kichwa chini ya boneti. "Mnaulizana ngamia anabeba kiasi gani. Amesimama au anapanda mlima? Umempakia taratibu, au umemrushia gunia kutoka juu ya paa?"

"Nipe namba, fundi," akasihi Thuwaini.

"Namba sina. Nina ndoo." Na kwa ncha ya kiatu akaisukuma mbele ndoo iliyojaa fito zilizopinda, mifupa ya majeshi yaliyoshindwa. Akaokota mmoja. "Huu, mia tatu na hamsini tu. Mwenyewe alikanyaga mafuta mpaka chini, gia kubwa, injini inazunguka kivivu, turbo ikatia hewa yote kwa mkupuo. Ukakunjika kama mshumaa juani." Akaokota wa pili. "Huu ulibeba mia tano, ukarudi nyumbani salama. Mwenyewe alijua kungoja mzunguko upande kwanza, ndipo akanyage."

"Sasa mbona umo ndooni?"

"Wiki ya pili hakungoja."

Mabkhut akacheka mpaka tende ikampalia. Thuwaini naye akacheka, kicheko cha mtu anayeonyeshwa kaburi na kuambiwa ajaribu kama linamtosha.

"Legeza turbo kidogo," akasema Gulzar, "fito zitafika nyumbani. Kileleni, sijui."

Lakini lini shujaa alisikia la mganga? Jioni ile, mbele ya kilima, Mabkhut alikuwa amekwisha kupanda na kushuka akipunga mkono kama bwana harusi. Thuwaini akafungua boneti, akaigusa ile skrubu inayoiamuru turbo, na badala ya kuilegeza akaikaza robo mzunguko, kwa ushujaa, au kwa kitu kinachofanana nao sana.

Sasa ijulikane sheria ya kilima kile, isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote mwenye shingo anayoipenda: anayeshindwa katikati hageuzi gari, maana gari likigeuzwa ubavu hubingirika. Hushuka kinyumenyume, mstari ulionyooka, na umma wote uliopanga magari chini humpigia honi mpaka afike. Wapo wanaume waliochagua kubingirika.

Thuwaini akapunguza upepo wa magurudumu. Akafunga mkanda. Akasoma Bismillahi, akaiachia klachi, na farasi wote waliokuwa ndani, mia nne au mia tano, kila mtu na hesabu yake, wakatoka kwa pamoja wakipiga kelele. Mchanga ukaruka nyuma mfano wa mbawa. Kilima kikainama mbele yake, au ndivyo alivyoona, maana pua ya gari ilikuwa inatazama mbinguni. Robo ya njia ikapita, kisha nusu, na bendera nyekundu ya kileleni ikaanza kuonekana hata mshono wake.

Hapo mchanga ukawa laini. Magurudumu yakazama, mzunguko wa injini ukaanza kuanguka, nayo turbo, isiyojua huruma wala hesabu, ikaendelea kushindilia. Mguu wa Thuwaini ulikuwa umefika sakafuni. Ndipo akaisikia: ti, ti, ti, kama kijiko kinachokoroga kikombe chembamba. Umma haukusikia. Mabkhut hakusikia. Alisikia yeye peke yake, naye akaijua sauti ya gunia linalotupwa kutoka juu ya paa.

"Enyi ndugu sita," akasema kwa sauti ndani ya gari, jasho likimwingia machoni, "enyi wana wa kiwanda msiopata hata shukrani, mmenivumilia pale ambapo baba yangu mwenyewe alishindwa. Nawaomba hatua chache tu. Chache tu, wanangu." Kisha akakumbuka tangi, lililofungwa nje ya nyumba yake, limekwisha kujazwa kwa ajili ya kesho.

Na hapa, enyi wasikilizaji, ndipo lilipotendeka tendo. Thuwaini bin Sinan, Mpasua Matuta, mbele ya Bidiya yote, bendera ikiwa karibu kiasi cha kuitemea mate, aliinua kidole gumba cha mguu wa kulia. Baada ya kidole, mguu.

Gari likasimama. Honi zikaanza. Naye akashuka kinyumenyume, taratibu, uso ukiwa umekielekea kilima hatua kwa hatua, na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba katika maadui wote waliowahi kumfukuza, kilima kile pekee hakikuuona mgongo wake.

"Vipi binamu," akauliza Mabkhut dirishani, "umesahau kitu huku chini?"

"Nimesahau kuwa kesho siku ya maji."

Gulzar hakucheka. Aliweka sikio juu ya injini iliyokuwa ikinguruma polepole, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka watu wakanyamaza wenyewe. "Zote sita zimenyooka," akasema. Mtu mmoja akapiga honi, safari hii fupi, kwa adabu. Hivyo ndivyo ulivyotangazwa ushindi mkuu wa Bidiya, ambao ndani yake hakuna kilichotokea.

Asubuhi yake ngamia walikunywa mpaka matumbo yakalia. Bibi Wadha alisimama kando ya gari, mkono juu ya boneti kana kwamba anapima homa.

"Nimesikia jana ulikwenda juu ukarudi matakotako."

"Ndiyo, bibi."

"Uliogopa?"

"Niliogopa."

"Mimi kule juu nimefika kwa miguu, nimefika kwa ngamia. Kwa gari bado." Akafungua mlango wa mbele, akakusanya shela yake, akaketi, akautafuta mkanda mpaka akaupata. "Mimi ni mwepesi, na tangi tumekwisha kulifungua. Nipandishe basi, mjukuu wangu. Hata polepole."

Thuwaini akafungua boneti, akaitazama skrubu, akakitazama kilima, akautazama ufunguo wa gari uliokuwa mkononi mwake, kisha akailegeza skrubu robo mzunguko.