King'ora cha Mheshimiwa

Jumatatu, 10 Machi
Leo Mama Orpah, mwenye uwanja wetu wa kuanika omena, dagaa wa ziwani, hapa Homa Bay, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua msimamizi. Nimeshtuka. Achague nini, na mimi nipo? Darasa la sita la zamani ni sawa na digrii ya siku hizi. Tena kule kwetu Kuria niliwahi kufukuza fisi kwa kukohoa tu. Anayebisha amuulize fisi.

Mpinzani wangu ni Mirumbe. Simu yake imefungwa kwa mpira wa baisikeli. Huyo atamsimamia nani?

Nimempigia Liz, mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo Rongo. Kila saa anitumie meseji moja: HARAKA. MHESHIMIWA ANAKUNGOJA. Namba yake nimeiandika Mheshimiwa. Amenielekeza jinsi ya kuweka mlio wa ambulensi. Nimeuweka kwa meseji zote, hata za kanisa.

Jumanne, 11 Machi
Saa tatu king'ora cha simu kimelia. Lo! Akina mama wametupa mabeseni. Mtu wa boda ameingia na pikipiki yake kwenye rundo la nyavu za kuanikia. Hata mimi nimeruka, nikasahau simu ni yangu. Nikajikaza. Nikasoma kwa sauti, nikashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na serikali.

Mama Orpah ameuliza kumbe najuana na wakubwa. Nimemwambia wananisumbua tu. Mirumbe akasema ambulensi hubeba wagonjwa. Wivu.

Jumatano, 12 Machi
Mshtuko wa furaha! Mama Orpah amesema mwenye simu ya wakubwa ndiye atakayelinda omena na mvua. Mtu wake Levis yuko kisiwani Remba. Mvua ikianza huko, atanitumia meseji, nasi tuianue kabla haijafika huku. Omena ikinyeshewa ni chakula cha kuku, basi. Nikiiokoa wiki hii, usimamizi ni wangu.

Mirumbe naye ameachiwa nyavu za upande wa pili, azilinde kwa macho tu. Maskini.

Ningemwambia Liz apumzike. Nilikumbuka kabisa. Lakini heshima ni tamu, bwana.

Alhamisi, 13 Machi
Siamini.

Saa saba nilikuwa na ugali na kichwa cha samaki mbuta. Simu ikalia. Nikawaambia akina mama, Mheshimiwa angoje, nanawa mikono. Ikalia tena. Nikasema ajue na sisi tunakula. Ikazidi, nikaifunika kwa karai. Mara kumi na moja! Nikawaza, huyu Liz leo amekunywa nini?

Tone la kwanza likaanguka kwenye mchuzi wangu. Kubwa kama shilingi.

Mheshimiwa alikuwa amelia mara moja. Kumi zote ni Levis.

Nyavu zangu zote zimeloa. Omena ilikuwa inaelea, ungedhani imeamua kurudi ziwani. Na upande wa Mirumbe? Mtupu. Kila gunia stoo, kavu. Ati aliona kuku wakikimbilia banda. Kuku!

Ijumaa, 14 Machi
Aibu haina kofia. Mama Orpah amechukua simu yangu, akasema ataongea na huyo Mheshimiwa mwenyewe anayeharibu omena za watu. Nikamwambia Mheshimiwa hapokei simu Ijumaa. Akabonyeza, sauti juu, uwanja mzima usikie.

Ikapokelewa. "Anko! Zile meseji zimetosha ama niongeze?"

Nyamusi, yule wa kupima magunia, amecheka hadi akakaa chini kwenye tope.

Msimamizi ni Mirumbe. Amri yake ya kwanza: nipeleke omena iliyooza kwa wafugaji. Kuku wamenifuata hadi barabara ya Rodi Kopany, na Mirumbe nyuma anapiga kelele: "Mheshimiwa, salimia wapiga kura!"

Mama Orpah amesema nikae nyumbani kwanza. Kesho ni Sabato, haamui mambo. Jumapili asubuhi atanitumia meseji. Nikijibu papo hapo, kazi ninayo. Nikichelewa, anampa shemeji yake.

Jumapili, 16 Machi
Nimeligundua kosa. Mheshimiwa ni cheo kidogo! Ndiyo maana Mama Orpah hakuogopa kumpigia. Nimeongea na Liz jana: sasa awe Balozi, na aandike Kiingereza. Amekubali, ataanza kesho. Mlio nimeuacha uleule. Kitu kizuri hakitupwi.

Sasa ni saa tatu. King'ora kimelia mara sita nikiandika haya. Mke wangu Bathsheba anaita kutoka jikoni: "Baba Ken, si uangalie hiyo simu!" Nimemjibu huyo ni Balozi, na balozi ukimjibu mara ya kwanza atakudharau.

Cha kushangaza, Liz alisema kesho. Kumbe ameanza leo.

Watoto wa chuo wana bidii, jameni.