Talaka ya Magurudumu ya Mbele

Ndugu Mkaguzi wa Magari,

Salamu zitangulie, lawama zifuate. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu, naye hakuwahi kuanza na lawama ila siku alizokuwa na haraka. Mimi sina haraka. Natumaini wewe na wa nyumbani kwako ni wazima na unakula vizuri, maana nakuhitaji uwe na nguvu za kusema hapana.

Hunijui. Mimi ni bibi wa ile pikapu ya kijani yenye pua ndefu na taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Sikusoma sana. Kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, mvi zimeshatoka, lakini mwalimu alikuwa akilinyanyua daftari langu kuwaonyesha wenzangu jinsi mstari unavyonyooka. Tazama mwenyewe. Kwa hiyo usinisome kwa jicho la pembeni. Nitakuita mwanangu, kwa sababu umri wangu unaniruhusu na cheo chako hakinitishi.

Jambo lenyewe ni hili. Leo utaletewa pikapu hiyo uikague. Atakayeileta ni mjukuu wangu wa kike, fundi magari, ambaye mimi humwita mke mwenzangu, kwa kuwa babu yake alikuwa mumewe wa utani tangu anaota meno, na meno yenyewe yaliota mgongoni kwangu. Ukiibandika stika kiooni, mke mwenzangu atapakia spana zake na kuhamia mji wa njia panda, mbali huko, afungue gereji yake. Usipoibandika, atabaki. Naomba usiibandike. Lakini usije ukadhani naomba kwa sababu hiyo. Ninazo sababu za kiufundi, nazo ni hizi.

1. Magurudumu ya mbele yamepewa talaka bila kikao.

Tangu gari hilo lizaliwe, magurudumu yake ya mbele yalishikanishwa na chuma kimoja kinene, kutoka gurudumu hili hadi lile. Mafundi wanakiita ekseli. Marehemu alikiita mhimili, nami nafuata alivyosema mwenye gari. Mke mwenzangu ameufungua mhimili huo akautupa uani, pamoja na springi zake za mabapa zilizopangana kama vitabu vya wakili. Nilipomuuliza mhimili umekosa nini, alikuwa amelala chini ya gari, nikawa naongea na miguu. Miguu ikanieleza kwamba zamani gurudumu moja likiingia shimoni, mwenzake naye anainama, na gari zima linapiga magoti. Sasa kila gurudumu lina mikono yake, lina springi yake ya kujiviringisha, lina shokomzoba yake ya kumeza mtikiso. Kila moja linajitegemea.

Nikamwambia, "Huko kuinama pamoja ndiko kunakoitwa ndoa."

Miguu ikacheka.

Mwanangu, mimi na marehemu tuliingia mashimo mengi, na hakuna siku aliyoingia yeye mimi nikabaki barabarani nimenyooka. Daktari alipomkataza chumvi, nami niliacha chumvi. Hakuna aliyesema mimi ni mbovu nahitaji kubadilishwa. Iweje leo wawili waliozeeka pamoja waachanishwe kwa jeki, bila wazee kuitwa, na bila hata gurudumu moja kulalamika?

2. Miguu iliyowekwa ni ya mgeni, na tabia zake hatuzijui.

Imetolewa kwenye teksi iliyogongwa nyuma ikabaki nzima mbele. Sina neno na teksi hiyo, ilale pema. Lakini hata mpangaji huulizwa anatoka wapi kabla hajapewa ufunguo. Miguu hii imewapeleka watu gani, saa ngapi, kufanya nini? Mke mwenzangu alikata chuma huku na huko, akaichomelea boriti ya mbele ya teksi kwenye chasisi ya mume wangu, na watu wa mtaani wakaja kutazama na kumsifu. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe.

Matokeo yake ni haya. Juzi mtu alisimama kando ya barabara akainua mkono, na pikapu ikapunguza mwendo. Mke mwenzangu anasema yule ni rafiki yake na ni yeye aliyekanyaga breki. Mimi nasema teksi ni teksi hata ukiivisha pua ndefu.

Halafu kuna uzi wangu wa cherehani. Aliuchukua bila kuniomba, akaunyoosha kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, apate kujua kama yanatazama njia moja. Yanatazama njia moja, hilo silikatai, nililala kifudifudi nikahakikisha. Lakini kutazama njia moja si kuishi pamoja. Hata watu wa foleni ya benki wanatazama njia moja.

3. Pikapu haitikisiki tena.

Hapa ndipo panaposhika moyo wangu, mwanangu, kwa hiyo soma taratibu. Gari lile lilikuwa likitikisika kwa maana. Nikiwa nimefumba macho nilijua tulipo. Meno yakigongana mara moja, tuko mbele ya posta. Kiuno kikiruka, ni reli. Kilemba kikidondoka, tumefika nyumbani. Sasa hivi nimepotezwa. Wiki iliyopita nilipelekwa msibani, nikasinzia njiani, kitu ambacho hakijawahi kunipata ndani ya gari lile, na dereva, aliyekuwa haijui nyumba ya msiba, akaona haya kuniamsha. Tulipita msiba, tukageuza, tukaupita tena. Waliofiwa walituona tukipita mara zote mbili. Wamenuna mpaka leo, na wana haki.

Isitoshe, mtikiso ule ulilinda amani. Mimi na mume wangu hatukuwahi kugombana safarini, kwa kuwa mwenye kufungua mdomo alijiuma ulimi. Wifi yangu, dada wa marehemu, ana mdomo ambao Mungu aliupa miguu. Lakini ndani ya pikapu alikuwa kimya kama mzigo. Tangu miguu ya teksi iwekwe, wifi anaongea kutoka mlangoni kwake hadi zahanati, na kurudi. Nimejua mambo ya ukoo ambayo nilikuwa nimejaliwa kutoyajua.

Na mkunga wa mtaa wetu alikuwa akituletea akina mama waliopitisha siku zao. Mzunguko mmoja kupitia barabara ya machimbo, na mtoto mwenyewe alikuwa akiomba kushuka. Sasa mkunga huyo atawapeleka wapi watu wake? Wanapanda, wanazunguka, wanashuka wamepumzika.

(Nisamehe, hapo nimesita kidogo. Ng'ombe walikuwa wanavuka.)

4. Neno hilo la kujitegemea linaambukiza.

Kabla halijaingia uani kwangu, kila kitu kilikuwa kimeegemea kitu kingine na kimetulia. Sasa sikiliza. Mke wa mwanangu wa kumzaa, mama yake huyo fundi, amesema anataka jiko lake. Mwanangu mwenyewe, nilipomwambia amkanye binti yake, alisema mtoto ni mtu mzima na ana akili zake, halafu akarudi kusoma gazeti. Jirani yetu, mzee mwenye heshima zake, amehamia chumba cha uani na redio; ukimuuliza anasema yeye na mkewe sasa wana springi mbalimbali. Kuku wangu wawili wanataga kwa jirani. Mlango wa choo umeachana na bawaba.

Nakuuliza wewe uliyesoma: tukiruhusu magurudumu, tutamkataza nani? Kesho usukani utasema nao una mipango yake. Breki zitaomba ruhusa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na gurudumu moja halibebi hata jogoo. Mimi sijasomea serikali, lakini najua nchi haiendi kila mtu akiwa na springi yake.

Na mke mwenzangu naye ndiyo hivyo. Gereji ya hapa mtaani imemtosha miaka yote, ina kivuli, ina wateja, na chai napeleka mimi. Ameniambia anataka kusimama mwenyewe. Nilimwuliza, hapa umelala?

5. Mhimili wenyewe ungali mzima.

Wasikudanganye kwamba uliharibika. Niliwaita vijana wenye misuli wakaubeba, wakauweka chini ya kitanda changu, upande wa marehemu. Wifi anasema nimerukwa na akili. Nimemjibu kwamba watu wengine wanaweka viatu. Nikinyoosha mkono usiku ninaugusa, na ni chuma kile kile, kimenyooka, hakijapinda hata pale kilipogonga kisiki cha machimbo. Uko tayari kurudishwa wakati wowote. Nilitaka kukueleza hapa kwamba kitu kilichoshikanisha watu muda wote huo hakiwezi tu

Sababu hii naomba iishie hapo.

Kwa hayo yote, mwanangu, naomba uikatalie pikapu stika. Andika kwenye karatasi zako kwamba imekutwa na kosa la kuachana bila mashahidi. Kama sheria ya magari haina kosa hilo, ongeza. Nafasi pembeni ya karatasi huwa ipo. Kisha amuru miguu ya teksi irudi ilikotoka na mhimili urudi mahali pake. Fundi akikujibu kwa majina ya vyuma, usitishike. Muulize kama amekula asubuhi. Atakwambia ndiyo, na hajala.

Nisalimie karani wako anayegonga mihuri, mwambie asigonge kwa hasira, meza haijamkosea. Nisalimie mlinzi wa getini na anayefagia ofisi yako. Nisalimie wakaguzi wenzako, wa zamu na wanaojificha zamu. Wa kwetu wote wanakusalimu, isipokuwa wifi, ambaye hajaambiwa, kwa sababu ukimwambia wifi umeiambia stendi nzima.

Ni mimi nisiyejitegemea na nisiyetaka,

Bibi wa Pikapu ya Kijani

Nyongeza: Barua hii nimeiandika yote ndani ya pikapu hiyo hiyo, karatasi juu ya goti, kutoka mlangoni kwangu hadi hapa getini kwako, kwa barabara ya machimbo. Sikupenda ulijue hilo, lakini utaniona nikishuka. Rudi juu utazame mstari. Enzi za mhimili nisingeweza kuandika hata neno "ndugu" bila kuitoboa karatasi.

Na kama unashangaa kwa nini sababu ya tano imekatika, hapo ndipo mke mwenzangu aliponisemesha. Alikuwa hajui naandika nini, na macho yake yalikuwa barabarani. Alisema, "Bibi, kwenda ningekwenda hata na lori la mizigo. Miguu hii nimeiweka kwa ajili ya kurudi. Kila Jumamosi."

Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaifunga sababu ya tano.

Basi barua nakupa hivyo hivyo, kuichana ni dhambi kwa mwandiko huu. Ukihitaji kupima springi, usihangaike na mashine zako, pima hapa kwenye mwandiko. Stika uibandike upande wangu, chini kidogo, nisilazimike kunyanyua shingo.