Ua wa Saruji wa Mama Ikupa

Siku Edmund Kalinga alipoona mifuko ishirini ya saruji imepangwa ukutani ndani ya hoteli ya chai, karibu na stendi ya Mbeya, alihisi Mungu amemkumbuka kwa jina na ubini. Kabla chai yake haijapoa, alikuwa amekwisha kuwa fundi.

Ufundi wenyewe aliupata Iringa kwa wiki tatu, akibeba maji kwenye nyumba ya mzungu mmoja. Huko aliona saruji mbichi ikigandamizwa kwa mihuri ya mbao, ikakauka na sura ya mawe ya kuchongwa. Aliipenda sana kazi ile, hasa kwa kuwa ilifanywa na watu wengine.

Mwenye hoteli alikuwa mjane aitwaye Ikupa, mwanamke wa maneno machache. Mifuko ile aliikusanya mmoja mmoja kwa miaka miwili, maana kila mvua zikianza uwanja wake uligeuka jaruba na wateja wakahamia kwa jirani. Mwaka huo wa 1957, mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache tu.

"Mama," Edmund alianza, "simenti tupu itafanya hoteli yako ifanane na kituo cha polisi. Watu watakunywa chai mikono juu."

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Mihuri! Unapata ua wa mawe bila mawe. Mimi nilifundishwa vitani na mateka wa Kitaliani." Kweli ni kwamba vita vilimkuta akichunga mbuzi, na hata hao walimshinda.

Akamchorea sura tatu kwa mkaa: mawe ya mto, matofali, na vigae laini kama kioo. Ikupa akapenda vigae.

"Hapana, mama. Mvua ikinyesha, wateja watateleza na vikombe mkononi. Chagua mawe, yana ukwaruzo. Na tuweke mteremko kidogo kuelekea barabarani, maji yasilale."

Hayo yote yalikuwa kweli. Edmund aliamini kwamba ukweli ni chumvi ya uongo; usipoutia kidogo, hakuna anayemeza. Ujira walikubaliana: baiskeli ya marehemu mume wa Ikupa.

Kazi ikaanza. Edmund alieleza kwa uso wa ibada kwamba simenti ya mihuri haipendi moshi wa jiko, lazima ichanganywe mbali, kule mtoni. Njiani kuelekea mtoni mifuko kumi na miwili ilipotea njia, ikaishia kwenye stoo ya Crispin, dalali wa sokoni, kusubiri lori la Iringa. Minane iliyobaki ikachanganywa na mchanga wa kutosha kumzika ng'ombe. Akatia unga mwekundu wa rangi, akagandamiza mihuri ya mbao aliyojichongea, akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa.

"Siku saba, mama. Mwagia maji asubuhi na jioni. Usifunue!"

Lori lilikuwa la siku ya nne, siku tatu kabla ya kufunua. Hesabu ilikaa sawa kabisa, na naomba msomaji asimcheke bado.

Siku ya pili alimkuta Ikupa amechuchumaa kando ya magunia, ameshika sindano ndefu ya kushonea magunia.

"Limetoboka moja," Ikupa alisema. "Nashona."

Siku ya tatu wakaanza kuja wateja. Mzee Tadeo alitaka ua kama ule mbele ya nyumba yake. Marta, mama mmoja mnene mwenye kitenge kipya, alitaka wake uwe mkubwa kuliko wa Ikupa. Wa tatu, Saulo, alisema ana duka Chimala na mifuko arobaini imelala tu.

"Ila tutaanza tukiuona huu umefunuliwa," Saulo alisema. "Tuukanyage kwanza."

Edmund hakula mchana ule. Akikimbia, ana mifuko kumi na miwili. Akibaki, ana arobaini ya Chimala peke yake, lakini ua huu ukikanyagwa utavunjika mbele ya watu.

Jioni Ikupa akaja amejifunga kanga kichwani. "Fundi, nina msiba Tukuyu, siku tatu. Nafunga hoteli. Nitunzie ua wangu."

Hapo ndipo tamaa ilipomfanya Edmund Kalinga mtu mwaminifu. Alirudisha mifuko yote kwa mkokoteni, huku Crispin akimwuliza kama ana homa. Ule ua wa kwanza ulivunjika kwa jembe la mkono, laini kama mhogo uliochemka. Akachanganya upya, safari hii kwa kipimo halali. Akaweka mteremko, akaacha mistari ya kupumulia ili saruji isipasuke ovyo, akagandamiza mihuri kwa magoti na matusi. Mikono ilichubuka, mgongo ukakataa kunyooka. Hakuwahi kufanya kazi kiasi hicho maishani, na hakuna aliyemwona.

Ikupa aliporudi, hakuuliza kwa nini siku saba zimeanza kuhesabiwa upya.

Siku ya kufunua, watu walishangilia. Mawe mekundu yaling'aa, imara kama mlima. Edmund akatoa na mawaidha: kusugua kwa sabuni na ufagio laini, kutoburuta mabenchi, kutomwaga makaa, na kupaka nta kila mwaka kabla ya mvua. Kisha akamgeukia Tadeo.

"Kwako tuanze lini, mzee?"

"Kwangu wapi, mwanangu? Mimi mlinzi wa ghala. Nalala humo humo."

Marta alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Alikuwa dada yake Ikupa. Saulo hakuwa na duka. Hata Chimala aliipita tu.

Ikupa akamsogezea baiskeli. "Siku ile sindano yangu iliingia uani mpaka kwenye tundu lake, fundi, ndipo nikawatuma hawa. Ningekupeleka polisi, simenti yangu ingerudi? Ila sasa kazi umeifanya, tena nzuri. Ndaga fijo. Asante sana."

Edmund alikuwa ameshika usukani wa baiskeli, masikio yanamwaka, mchungaji mmoja alipomshika bega.

"Fundi, kanisani kwetu tuna ngazi na uwanja mzima. Saruji ipo. Utaweza?"

"Hata wewe, mchungaji!" Edmund akacheka kwa uchungu. "Umepewa chai vikombe vingapi?" Akapanda baiskeli, akaondoka.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, na uwanja ulikuwa mzima kweli. Kazi akapewa Ikupa, aliyekuwa amesikiliza kila neno la fundi na kulikumbuka.

Habari hii Edmund mwenyewe aliisimulia Iringa kwa miaka mingi, akijicheka kuliko wasikilizaji. Lakini kila alipofika sehemu ya mchungaji, aliomba kwanza maji ya kunywa.