Kunguru wa Dohani ya Nne

Jumatatu, 4 Novemba
Daktari kasema moyo wangu umechoka. Sawa. Basi niandike ukweli mapema. Nina haja moja tu kabla sijafa: kukiona kilele cha Mfagia Dohani. Mchezo usiojulikana na mtu! Ulianzia kwenye mashine moja ya ukumbi wa michezo hapa Morecambe, pwani ya Uingereza, kisha ukatolewa kwa kaseti tuucheze kwenye kompyuta za nyumbani. Kijitu cheusi kinaruka tofali hadi tofali, kinapanda. Kwenye dohani ya nne yuko kunguru. Akikugusa, unaanza upya chini kabisa. Alinishinda nilipokuwa mwalimu wa Kilatini. Sasa nimo katika nyumba ya wazee, mpwa wangu kaniletea kompyuta yangu ya zamani, na kunguru ni yule yule.

Baya zaidi: Doreen Ollerenshaw, mwalimu mkuu mstaafu tunayekaa naye hapa, kaupenda mchezo. Leo kamfikia kunguru. Akaniambia, "Wilfred, mpenzi, vidole vimeshika kutu hivyo. Waachie wenye mikono." Akione kilele kabla yangu? Kamwe!

Jumanne, 5 Novemba
Nakiri. Nimelegeza skrubu ya redio kaseti inayoingiza mchezo kwenye kompyuta, kwa tupa ya kucha, ili mchezo umgomee kila mtu isipokuwa mimi niijuaye dawa. Umewagomea wote. Mimi pia! Nimehangaika nayo hadi fataki za kila tarehe tano Novemba zikaanza kulipuka nje. Doreen akavua ndara, akaizaba redio mara moja. Ikapiga mayowe yake ya kawaida, mchezo ukaingia. Watu wakamshangilia. Fedheha.

Alhamisi, 7 Novemba
Ushindi! Doreen alikuwa karibu kumpita kunguru. Nikamnong'oneza muuguzi, Shona, kwamba mama wa watu ana kiu. Shona akaja na buli, akauliza, "Chai, Doreen?" Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo akanyamaza. Doreen akageuka, akaachia kijiti cha kuchezea, akasema ndiyo, tafadhali, maziwa kidogo. Kijitu kikaporomoka hadi chini. Nikampa pole nyingi. Nikala na biskuti yake.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimeona! Siri ni kutomkimbia kunguru. Unaruka kulia, chini ya tumbo lake. Nilikuwa nimeshapita, nikasikia sauti tamu nyuma yangu: "Chai, Wilfred?" Doreen, buli mkononi. Nikanyamaza. Akarudia. Mtu akanong'ona kwamba sikulelewa. Nikasema bila kugeuka kwamba sitaki. Sitaki chai! Shona akashika mdomo. Tofali. Tofali. Kilele! Moshi ukatawanyika, mji wote ukaonekana chini, taa madirishani, na kijitu kikavua kofia. Nikalia kama mtoto. Moyo ulinidunda vibaya. Na udunde!

Jumapili, 10 Novemba
Tangu jana nilipokataa chai hakuna anayenisemesha. Sijali, mimi ni mshindi. Jioni tu Doreen akaja, akaketi karibu, bila kejeli. Kifua chake nacho kibaya, akasema, na Krismasi iko mbali. Akaniomba nimfundishe namna ya kumpita kunguru. "Na mimi nataka kuuona huo mji, Wilfred."

Nikamshika mkono. Machozi yalinilengalenga, wallahi. Nikamwambia kwa upole aruke kushoto.