Siku Duka la Magodoro Lilipofunguliwa

Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha duka la magodoro Jumatatu asubuhi, na kufikia saa nne Bwana Juzi alikuwa ameshalisoma mara tatu, mara ya mwisho akiwa amevua kofia kwa heshima.

"Duka letu linatimiza miaka thelathini Januari hii. Aliyezaliwa siku ileile lilipofunguliwa atapewa kitanda cha sita kwa sita na godoro lake. Bure."

Aliitwa Bwana Juzi kwa sababu hakuna jambo ambalo hakuwa amelifanya juzi. Ukimuuliza kama amewahi kupanda ndege, alipanda juzi. Kama anamjua waziri, juzi walikunywa chai pamoja. Jambo moja tu hakuwa amelifanya juzi wala jana: kulala kwenye godoro. Alilalia maboksi yaliyokunjuliwa, na kila asubuhi mgongo wake ulimsomea mashtaka. Tuwe waungwana, basi, tusimhukumu mapema. Hata tapeli ana mgongo.

Akaingia dukani. Mwenye duka alikuwa mtu mwepesi wa tabasamu na mzito wa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka godoro?"

"Nataka kujua tu. Duka lilifunguliwa tarehe ngapi?"

Mwenye duka alicheka mpaka akashika kaunta. "Hapo ndipo penye utamu, kijana wangu. Sijui! Ilikuwa katikati ya Januari, na ilikuwa Jumatano. Hilo sijasahau, maana mpaka leo siku ya Jumatano sipunguzi bei, nisije nikaifukuza bahati. Lakini tarehe? Karatasi zote ziliharibiwa na mvua. Sasa nani atakuja kudai?"

"Kwa hiyo kitanda hakitoki."

"Kitoke kiende wapi?"

Bwana Juzi akatikisa kichwa kama daktari aliyeona majibu mabaya. "Mzee, naona aibu kukwambia. Mtaani wanakuita tapeli." Neno lenyewe alilitamka kwa uchungu mkubwa. "Lakini mimi ni mtaalamu wa tarehe. Jumamosi nitahesabu kurudi nyuma, hadharani. Tarehe ikijulikana na asijitokeze mtu, unabaki na kitanda chako na heshima yako juu."

Mwenye duka alipiga hesabu ya haraka ya watu na siku, akaona hatari ni ndogo kuliko chawa. Wakapeana mikono.

Kutoka hapo Bwana Juzi alikwenda saluni ya jirani yake, msusi mmoja mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wote wawili walizaliwa Januari ileile ya miaka thelathini iliyopita, yeye tarehe kumi na nne, Bwana Juzi tarehe kumi na saba, na kwa siku hizo tatu msusi alijipa ukubwa wote wa dada.

"Mdogo wangu," msusi akauliza alipokwisha kuelezwa mpango, "kwa nini usiitoe tarehe yako mwenyewe?"

"Dada, umeona wapi mpishi akijipakulia kwanza mbele ya wageni? Mtaalamu akishinda, tunapigwa. Ukishinda wewe, wanapiga vigelegele."

"Na tukigawana? Kitanda hakikatwi katikati."

"Wewe kitanda, mimi godoro. Wewe godoro unalo."

Msusi akacheka mpaka chanuo likamponyoka. Ulikuwa mgawanyo wa haki kupita yote iliyowahi kufanywa na wezi.

Jumamosi mtaa mzima ulijaa mbele ya duka. Kitanda kilikuwa kimetolewa nje na godoro lake ndani ya nailoni, liking'aa kama bibi harusi. Bwana Juzi alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Kabla sijaanza, msije mkaninyooshea kidole. Mimi nilizaliwa mwezi wa nane. Sina langu hapa!"

"Nani kakwambia?" akadakia kijana mmoja.

"Mama yangu. Juzi."

Watu wakacheka, na aliyekuchekesha huwezi kumshuku. Akaendelea.

"Leo ni tarehe kumi. Jumatano hii ni tarehe kumi na nne. Ukirudi nyuma mwaka mmoja, tarehe inarudi nyuma siku moja ya wiki. Ukivuka Februari yenye siku ishirini na tisa, ongeza moja. Miaka thelathini, siku thelathini. Jumlisha hizo Februari ndefu..."

Sasa, Februari ndefu zilikuwa nane. Bwana Juzi aliandika tano. Tatu alizimeza kavukavu, bila hata maji ya kusukumia.

"Thelathini na tano! Wiki tano kamili, hakuna kinachobaki! Kwa hiyo duka lilifunguliwa Jumatano, Januari, tarehe kumi na nne!"

"Mama yanguuu!" Msusi alipiga ukelele, akarusha kitambulisho juu, akazimia. Alizimia vizuri, akiangukia palepale penye godoro. Mwenye duka alibadilika rangi kama shati lililofuliwa kwa jiki.

"Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumatano?"

Sauti ilitoka stoo. Mke wa mwenye duka akajitokeza, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Tarehe kumi na nne ya mwaka ule ilikuwa Jumapili. Najua kwa sababu nilikuwa naolewa. Na mume wangu huyu, kama si pacha wake, ndiye aliyekuwa amekaa pembeni yangu."

"Mke wangu!" mwenye duka akaruka, kama aliyetupiwa kamba kisimani. "Nilikuwa nasubiri ukumbuke mwenyewe!"

"Tutaongea nyumbani. Jamani, sikilizeni. Kwenye harusi tulizawadiwa magodoro matano, maana kila shangazi alidhani ni yeye peke yake aliyewaza godoro. Jumatano ile tukabaki na moja, manne tukayaweka nje kuyauza. Ndilo duka hili."

Umati wote ukahesabu kwa vidole. Jumapili kumi na nne, Jumatatu kumi na tano, Jumanne kumi na sita, Jumatano...

Chaki ikamdondoka Bwana Juzi.

"Kumi na saba!" mwenye duka akashangilia. "Kuna mtu wa kumi na saba? Hakuna? Basi..."

"Mimi," alisema Bwana Juzi, kwa sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia, sauti isiyotiwa mafuta.

"Si umesema mwezi wa nane?"

"Nilidanganya."

"Na sasa?"

"Sasa sidanganyi."

Kicheko kilichofuata kiliamsha watoto wachanga. Akatoa kitambulisho. Mwenye duka akakishika mbali na macho. "Kinang'aa hiki. Umekitengeneza lini?"

Mtaa mzima ukajibu kwa pamoja: "Juzi!"

"Jamani, ni kweli!" Msusi alizinduka ghafla. "Namzidi siku tatu!"

"Wewe si umezimia?"

Kitanda kikarudishwa ndani. Bwana Juzi alikuwa ameshafika kona aliposikia viatu nyuma yake. Ni mke wa mwenye duka. Alikichukua kitambulisho, akakisoma taratibu, akamtazama usoni.

"Nakuamini, mwanangu. Kitanda mume wangu hatakitoa hata uzaliwe upya. Lakini umenirudishia harusi yangu mbele za watu." Akamtilia mto mpya mikononi, mnene, wa pamba. "Siku njema ya kuzaliwa, itakapofika."

Bwana Juzi alifungua mdomo aseme jambo, na kwa mara ya kwanza hakupata uongo wowote wa kufaa. Akasema asante tu.

Kesho yake msusi alimkuta mlangoni akijinyoosha.

"Umelalaje, mdogo wangu?"

"Kichwa kimelala kama cha waziri," akasema. "Mgongo bado haujapewa taarifa."