Nungunungu wa Kibanda cha Malongo

Nyakanazi,
14 Juni 1997

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Idefonsi

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa nashindwa na nungunungu, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Nungunungu huyo anaishi ndani ya televisheni ya Malongo, kwenye kibanda cha gemu nyuma ya kituo cha mafuta. Mchezaji humwongoza kijana mwenye mkoba, akiruka kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka amkute nungunungu amelala mbele ya mlango. Ukimruka, ananywea akawa kama punje ya harage, nawe unapita. Ukimruka tena kurudi ulikotoka, anafura kama mwanzo na kukuchoma miiba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi tumelelewa. Ukiruka miguu ya mdogo wako aliyekaa mkekani, mama anakwambia, "Rudi umruke tena, mtoto asidumae." Basi namruka nungunungu, namwona amekuwa mdogo, na kabla sijafikiri vidole vimeshamrudisha kijana. Ndivyo ninavyochomwa tangu Pasaka. Ndivyo wanavyochomwa vijana wote wa Bugarama na Nyamigogo wanaopita hapa, na hata Irambona wa kambi ya wakimbizi, ambaye naye ana mama. Mnyama huyu anaishi kwa adabu zetu.

2. Aliyemshinda ni mmoja tu, utingo wa lori la unga wa wakimbizi, mtu wa pwani. Alimruka, akaenda zake bila kugeuka, kisha akauliza kama chai ipo.

3. Francisca, binti wa Mama Adelfina, huuza maandazi mlangoni pa kibanda na huona kila kitu. Posa yangu iko kwao, haijajibiwa. Siku ya utingo aliniambia, "Kaka Leonidasi, kama mnyama wa kwenye kioo anakushinda, nguruwe pori wa shambani kwetu utamweza?" Shamba lao, kama unavyojua, liko porini kabisa.

4. Uliagiza kila mgeni anayelala kijijini aripoti kwako. Nungunungu hajaripoti. Hana barua ya kijiji alikotoka, na analala mlangoni pa watu.

Kwa hiyo naomba sungusungu wamkamate na kumsindikiza hadi mpaka wa wilaya. Kama haingii kwenye kamba, basi kijiji kitoe tangazo lenye muhuri kwamba kumruka nungunungu wa Malongo bila kurudi si utovu wa adabu. Nitalibandika mwenyewe, usawa wa macho ya Francisca.

Nisalimie Bibi Generoza, wajukuu, na sungusungu wote, hasa wenye mikuki.

Wako mtiifu, mwenye miiba,
Leonidasi Kwizera

N.B. Nilichelewa kuleta barua hii, na jana nilijikaza. Nilimruka nungunungu, sikurudi, nikafika mlangoni, watu wakaanza kupiga makofi. Francisca hakupiga. Alifunika maandazi yake akasema taratibu, "Umemwacha hivyohivyo?" Nikarudi nikamruka. Alifura, akanichoma, nikaanza upya. Francisca alicheka mpaka akakaa chini. Leo asubuhi Mama Adelfina ametuma mtu kuuliza wazee wangu wanakuja lini. Tafadhali, nungunungu asiguswe na mtu yeyote.